Chungu cha Mama Mkwe

Haya, wewe uliyejisogeza karibu na moto, nijibu. Kinyumba changu ni cheusi, hakina dirisha, mlango wake uko juu. Hakuna mtu alalaye ndani, lakini kikiwa kitupu ukoo mzima haulali. Ni nini hicho? Hapana, usinipe mji; miji nimeshapewa mingi na sina pa kuiweka. Ni chungu. Chungu cha kupikia, kile ambacho wanaume hukipita kama jiwe la njiani mpaka njaa iwashike shati.

Enesi wa Tunduma alivijua vyungu kuliko alivyowajua wanaume, na kwa maoni yake vyungu ndivyo vilivyokuwa na akili. Chungu ukikiwashia moto, kinachemka. Mwanamume ukimwashia moto, anauliza nani amekupa ruhusa ya kushika kiberiti. Mumewe, Amoni, alikwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka akarudi na kikohozi na baiskeli. Kikohozi kikamzika, baiskeli wakaichukua kaka zake, na Enesi akabaki na shamba la ulezi, binti mmoja aitwaye Fides, na wifi yake Roda, dada wa marehemu, ambaye naye alikuwa mjane.

Vita ya Hitla ilikuwa imekwisha, na Tunduma ya siku hizo usiifikirie mji. Palikuwa na kizuizi cha barabarani na ofisi ya ushuru, vijiduka vya Wahindi, kambi ya watu wa barabara, na malori yaliyopumzika kabla ya kuvuka. Makarani na madereva walikuwa wameacha wake zao makwao, nao walikula kama mbuzi waliokata kamba: mhogo mbichi hapa, mkate mkavu pale, chai ya rangi kwenye baraza la Mhindi. Enesi alikuwa akipita na mzigo wake wa kuni, akawatazama, akamgeukia Roda.

"Waone, wifi. Wanajua kuandika jina la kila kitu kinachovuka mpaka, na hakuna hata mmoja anayejua kusonga ugali. Serikali imewafundisha upande mmoja tu, kama chapati iliyosahauliwa."

"Basi tuwageuze upande wa pili," Roda akasema. "Wewe una mikono, mimi nina miguu. Pika, nitabeba."

Ndivyo ilivyoanza, bila kikao wala sala. Asubuhi Roda alipita kukusanya mabakuli ya wateja, kila mtu na lake. Enesi alipika uani kwake, nyuma ya ua wa matete: ugali wa ulezi, maharage, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na siku za neema samaki wakavu kutoka Rukwa. Alipakua moto, akafunika kila bakuli kwa jani la mgomba, akayapanga ndani ya kapu kubwa na kulizungushia blanketi la marehemu. Jua likifika utosini Roda alikuwa ameshatua kapu ofisini na moshi bado unatoka. Madereva wa ng'ambo walikuwa wakimwona kwa mbali na kupaza sauti, "Nshima imekuja," maana ndivyo wanavyouita ugali kwao, nao wakikaa chini kama watoto waliolelewa vizuri.

Mji wenye watu wachache una midomo mingi. Jumapili moja, nje ya kanisa, Ketrina, mke wa mzee wa kanisa, alimngoja Enesi penye kivuli cha ukuta na wenzake wawili wa kumsaidia kusikiliza.

"Mama Fides, tunasikia kwako siku hizi chakula kinauzwa."

"Mmesikia vizuri. Masikio yenu ni mazima."

"Kilichoiva ni cha mgeni, mama. Wazee wetu hawakuuza ugali. Anayeuza ugali leo, kesho atauza maji ya kunawa."

"Nawe pombe yako ya kila Jumamosi, ile ya nyuma ya nyumba, huwa unaiuza mbichi?"

Wale wenzake wawili wakakumbuka kwamba wameacha mboga jikoni. Enesi akaenda zake polepole, akijisemea kwamba baadhi ya watu Mungu aliwapa shingo ili tu kichwa kisianguke.

Lakini usidhani moyo wake wote ulikuwa kwenye mabakuli. Moyo wake ulikuwa Isansa, kwa Fides.

Fides alisoma shule ya misheni kule Mbozi, na hukohuko akamwona Boazi, kijana wa Isansa, wa watu wa kahawa, karani mwenye kalamu tatu mfukoni, na wino katika moja tu. Ng'ombe walitoka, kanisani walisimama kulekule Mbozi, Roda akiwa amebaki Tunduma kulinda shamba, pete ikavaliwa. Ila kwa kina Enesi, na kwa kina Boazi vilevile, ndoa haiishii kanisani. Linabaki jambo moja: kufungua chungu. Mama wa msichana anapika chungu, kinapelekwa kimefunikwa, mkwe anakifunua kwa mkono wake, anakula mbele ya mshenga na kutamka kwamba amekula. Kisha anakirudisha chungu na jembe ndani yake. Kabla ya hapo, mkwe hali chochote cha mama mkwe, na mama mkwe havuki kizingiti cha nyumba aliyoolewa binti yake. Hata wakikutana njiani, mama huyo hugeuka akatazama porini.

Mshenga alikuwa Mzee Danieli, mtu mpole mwenye ndevu za mahindi, asiyetia chumvi kwenye maneno ya watu. Alikwenda kumwambia Boazi, wakati huo akiwa karani Mbeya, kwamba chungu kinamngoja. Akarudi na jibu kama alivyopewa.

"Amesema, mwambie mama huyo mimi nimesoma. Mambo ya kuinamia vyungu niliyaacha nilipovaa viatu. Tena tumbo langu halijazoea chakula cha kwenye moshi, kuku wakipita katikati ya mafiga. Sijala kwake, na sitakula."

Enesi alikuwa akichambua maharage. Hakuinua macho. "Amevaa viatu," akasema, "kichwa kimebaki peku."

Angemwacha hivyohivyo na upumbavu wake, kama mtu anavyoacha jani lipite na maji. Lakini Fides akashika mimba. Mimba ya kwanza, na kwao mtoto wa kwanza hupokewa na mikono ya bibi mzaa mama. Enesi mwenyewe alizaliwa hivyo, na Fides akazaliwa hivyo. Akachukua kapu la unga wa ulezi, akapanda lori hadi Mlowo, kutoka hapo akatembea mpaka Isansa. Alipofika mwisho wa mikahawa, mama yake Boazi, Tabita, alitoka mbio akasimama mbele yake.

"Mama mwenzangu, sikufukuzi," Tabita akasema, na sauti yake ilikuwa ya aibu. "Lakini chungu chako hakijafunguliwa. Ukipita hapa, mtoto akija na kasoro hata ya kidole, watasema ni wewe."

"Mwanao anasema hayo ni mambo ya kizamani."

"Mwanangu yuko Mbeya. Mimi niko hapa na majirani."

Fides alikuwa mlangoni, kanga imempanda juu ya tumbo. Mama na mwana wakasalimiana kwa kupaza sauti, mikahawa katikati yao, kama watu wanaoulizana habari za ng'ombe aliyepotea. Enesi akatua unga chini na kurudi. Njia nzima hadi Mlowo alikuwa akiongea peke yake. "Mwana anatemea mila, mama yake anazilinda mlangoni, na kati ya mate na mlango ndipo mimi nilipowekwa."

Mahindi yalikuwa yakipaliliwa Roda alipoingia uani asubuhi moja, kati ya mabakuli ya bati ameshika sahani ya kaure, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Aliishika kwa ncha za vidole, akicheka mpaka mabega yanaruka.

"Karani mpya wa ushuru. Amesema bati linamharibia ladha. Ameuliza kama mpishi ananawa mikono. Nikamwambia ananawa kuliko daktari. Ameuliza kama mpishi ni mtu wa hapahapa, nikakohoa. Akasema anajua tu, lazima awe mtu aliyefanya kazi kwa Wazungu."

"Jina lake?"

Roda akaweka sahani chini kwanza. "Boazi. Wa Isansa. Amehamishwa kutoka Mbeya."

Enesi akakoroga maharage. Roda akauliza kama airudishe ile sahani. Kwa haki ilipaswa irudi. Mama anayemlisha mkwe kabla ya chungu kufunguliwa naye amevunja mwiko, si mkwe peke yake. Enesi aliitazama sahani kwa muda, kama mtu anayetazama panya aliyeingia mwenyewe mtegoni na kuuliza chakula ni saa ngapi.

"Sikumwita," akasema. "Sahani imekuja kwa miguu yake. Pakua."

Na Boazi akala. Alikula kisamvu, akala maharage, akala kuku wa Jumamosi akavunja mifupa na kunyonya uboho. Roda alileta habari kila alasiri, na Enesi alizipokea kama mtu anayepokea mshahara. Leo amesema ugali wa namna hii hauwezi mwanamke wa Kinamwanga, kabila la Enesi mwenyewe. Leo amewaambia wenzake kwamba wao wanameza tu, yeye ndiye anayeelewa chakula. Leo ameomba aongezewe ukoko, lakini ameuita jina la Kiingereza. Tunduma nzima ilijua anachokula ni cha nani. Madereva walijua, Mhindi alijua, hata Ketrina alijua, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe alinyamaza, kwa kuwa raha ya kunyamaza ilikuwa kubwa kuliko ya kusema.

"Akinenepa atakwenda wapi na shati lile?" Enesi aliuliza, akampakulia tena. Alimdharau kwa mwiko uliojaa.

Mahindi yakaanza kukauka shambani. Tumbo la Fides likashuka, na habari hiyo ilikuja na wauza kahawa. Enesi akamwita Mzee Danieli.

"Nenda kamuulize mara ya mwisho. Ila usiende asubuhi wala jioni. Nenda adhuhuri, akiwa na tonge mkononi."

Danieli akashika ndevu zake. "Mama Fides, mtu ukimwaibisha mbele ya watu, anaweza kufunga mlango badala ya kuufungua."

"Mlango wenyewe umefungwa. Utafungwa mara ngapi?"

Akaenda. Makarani walikuwa wamekaa nyuma ya ofisi, juu ya masanduku, Boazi peke yake kwenye kiti, sahani yake ya kaure juu ya magoti, leso shingoni kama mtoto anayeota meno. Roda alikuwa pembeni akisubiri vyombo. Mzee Danieli akasalimia, akapewa sanduku akae, akaeleza alichotumwa: binti yuko karibu kujifungua, mama yake anaomba chungu kifunguliwe.

Boazi akatafuna kwanza, akameza, akajifuta mdomo. Alitaka wenzake wasikie.

"Mzee, nilikwishasema. Chakula cha mama yule sijakitia mdomoni na sitakitia. Mimi nakula chakula cha mtu anayejua kupika. Kama hiki."

Karani mwenzake, Lusubilo, akakohoa, akatazama malori. Mzee Danieli akainama kidogo juu ya ile sahani, akanusa majani ya maboga.

"Na hiki kimepikwa na nani, mwanangu?"

"Na huyu hapa, Mama Roda."

"Mimi ni miguu tu, baba," Roda akasema kwa upole. "Mikono iko nyuma ya ua wa matete, kule. Mikono ya wifi yangu Enesi. Mama yake Fides."

Tonge lilikuwa limefika kidevuni, likabaki hapo. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Walikuwa wameshacheka zamani, miezi yote ile, na sasa walikuwa wakitazama tu. Mzee Danieli akauliza bila kupandisha sauti, kama mshenga anavyotakiwa kuuliza.

"Basi niende nikaseme nini? Chakula cha mama mkwe wako umekula, au hujala?"

Boazi akaweka tonge chini. Akasimama, leso bado iko shingoni, akaingia ofisini na kufunga mlango. Kwa sababu akisema amekula, ameshainamia chungu pamoja na viatu vyake. Na akisema hajala, mashahidi wake wamekaa juu ya masanduku, midomo inang'aa mafuta.

Kesho yake Roda alikusanya mabakuli. Sahani ya kaure haikutolewa. Enesi akapakua sehemu ya Boazi kwenye bakuli lake mwenyewe la bati na Roda akaipeleka hivyohivyo. Ikarudi haijaguswa. Kesho yake tena, vilevile. Boazi alionekana kwenye baraza la Mhindi akila biskuti na samaki wa kopo, akizishika biskuti kama karatasi za serikali. Alionekana nyuma ya nyumba za makarani akichoma muhindi, akaungua midomo. Shati lililokuwa likimbana likaanza kumning'inia. Siku ya tatu akasonga ugali mwenyewe, na Lusubilo akasimulia kwamba ule ugali ulimwagika.

Enesi alicheka mpaka akashika nguzo. Roda hakucheka.

"Umemcheka vya kutosha, wifi. Jibu hajatoa. Na mtoto hangoji jibu la mtu."

"Atakuja. Njaa itamleta."

"Njaa ina biskuti sasa. Ulitaka mlango, au ulitaka kumwona akifunga leso?"

Enesi akachukua mwiko akakwangua chungu kisichokuwa na kitu. Hakupenda swali hilo, hasa kwa kuwa limetoka kwa mtu aliyezoea kucheka. Aliifikiria ile mikahawa ya Isansa, na binti yake akipiga kelele ndani ya nyumba na yeye amesimama nje kama mdai. Kwa siku zile za dharau alikuwa ameisahau sura hiyo. Sasa ikarudi, ikakaa jikoni, ikakataa kuondoka.

Ijumaa, kabla mboga haijaiva, lori la Raphaeli lilisimama kwenye kizuizi kutoka Mlowo. Raphaeli alikuwa dereva aliyekula kwa Enesi tangu mwanzo, mtu wa maneno machache. Boazi alitoka na karatasi zake kukagua mzigo, na Raphaeli akamwambia papo hapo, mlango wa lori ukiwa wazi.

"Mama yako amenisimamisha njiani. Mkeo ameshikwa na uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya, wakunga wa pale wameshindwa kumgeuza. Mkeo anamtaka mama yake, basi. Mama yako amesema, aje, lakini aje kwa mlango uliofunguliwa. Mimi nashusha mzigo na kugeuza gari sasa hivi."

Kisha akashuka akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ua wa matete, akamwambia Enesi maneno yaleyale.

Enesi hakulia. Alifunga kitambaa kichwani, akatia ndani ya kapu kisu kipya, uzi, na mafuta ya nyonyo, akamwachia Roda moto na vyungu. Alikuwa ameshaamua kwamba atakwenda, Tabita amzuie, majirani waseme, mtoto aje na vidole vingapi apendavyo Mungu. Ila alijua pia kwamba kwenye mikahawa ile watu wanne wangemshika mikono. Muda wa kusukumana Fides hakuwa nao.

Ndipo aliposikia viatu. Viatu vya Boazi vilikuwa vikilia kama vifaranga, ungevijua hata usingizini. Vilikuja mbio, vikapunguza mwendo, vikasimama nje ya ua. Enesi akageuka akatazama ukuta, mgongo kwa matete, kama mwiko unavyotaka. Kupitia mwanya Roda alimwona: mtu asiye na kofia, kola imefunguka, macho yameingia ndani kwa biskuti. Nyuma yake akaja Mzee Danieli akihema, na Lusubilo, na madereva wawili waliokuwa wakisubiri chakula.

"Mama Roda," Boazi akasema, "mwambie mama apande gari."

"Si wewe wa kumpandisha gari," Roda akajibu. "Anajua njia ya kwenda. Hajui kama kuna mlango."

"Jembe sina hapa. Nitaleta. Nitaleta mawili."

"Hatukuulizi jembe, karani. Majembe yanauzwa kwa Mhindi, karibu na biskuti."

Mmoja wa madereva akacheka, akakanyagwa mguu na mwenzake. Huko barabarani Raphaeli alikuwa ameshageuza lori, injini inanguruma. Enesi alisimama palepale, kapu mkononi, akitazama udongo wa ukuta wake. Aliusikia mkono wa mtu ukitafuta komeo la ua. Aliisikia miguu ikiingia, na viatu havikulia tena, kwa kuwa vilikuwa vimevuliwa nje. Kisha mfuniko wa chungu ukafunuliwa, mvuke wa majani ya maboga ukampita shavuni, na kwa kitambo hapakuwa na kitu ila pumzi ya mtu na sauti ya kutafuna, tonge la majani matupu, la haraka, lililochotwa kwa vidole vinavyoungua.

Mtu akaangukia magoti nyuma yake. Hakugeuka. Moyoni bado alikuwa akimdharau. Alimdharau kwa magoti yale yale aliyoyangoja mwaka mzima, kwa kuwa yamepatikana kwa uchungu wa binti yake wala si kwa akili. Lakini kapu alilishika vizuri zaidi.

"Mwanangu," Mzee Danieli akasema kutoka mlangoni, "nilikuuliza neno, ukaingia ofisini. Neno liko palepale."

Boazi akameza.

"Nimekula, mama," akasema. "Tangu wakati wa palizi nimekula."